Rise of Nations: gemu ya wenye vidole vizito

Mpwa wangu ana vidole vya mpiga kinanda. Anapocheza gemu za mkakati za wakati halisi, zile ambazo hakuna anayengoja zamu na kila mtu anajenga na kupigana saa ileile, kibodi yake inalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mimi vidole vyangu ni vizito. Nimelelewa na Civilization, ambako zamu yako inakungoja hata ukienda kuoga, na ukirudi ndipo unaamua kama mji huu ujengewe maktaba au ghala. Gemu yangu anaiita kazi ya uhasibu. Yake mimi naiita mashindano ya kubofya.

Ni gemu moja tu iliyowahi kutuweka pamoja, nayo ni Rise of Nations. Ninayoicheza mimi ni Extended Edition ya mwaka 2014, iliyoandaliwa na SkyBox Labs: gemu ya awali ya 2003 pamoja na nyongeza yake ya 2004, Thrones and Patriots, ndani ya furushi moja. Steam, duka la mtandaoni nilikoinunua, inaniambia nimeshapita saa mia nne. Haisemi kwamba kwa nyingi kati ya hizo nilikuwa nikipigwa.

Ukitaka kujua kwa nini gemu hii iko hivi ilivyo, anza na aliyeisanifu. Brian Reynolds ndiye aliyeongoza usanifu wa Civilization II ya 1996 na Alpha Centauri ya 1999, zote za zamu, zote za mtu anayependa kufikiri huku ameshika kidevu. Kisha akaanzisha pamoja na wenzake kampuni ya Big Huge Games, na kazi yao ya kwanza, iliyotolewa na Microsoft, ilikuwa ya wakati halisi. Hakuyaacha mambo yake ya zamani mlangoni. Aliingia nayo yote: miji, mipaka, utafiti, maajabu ya dunia, mataifa 18 yenye tabia zao (nyongeza ikayafikisha 24), na enzi nane zinazotoka kwenye mikuki ya Enzi ya Kale hadi makombora ya Enzi ya Habari. Vyote hivyo ndani ya mechi ambayo sisi wawili huimaliza kwa saa moja na ushei.

Kusikia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Nilijua hali itakavyokuwa: himaya nzima ya kusimamia, na adui hangoji. Nilikuwa nimeshaungua kwenye gemu nyingine, sitaitaja, iliyojaza majedwali ishirini kisha ikaachia saa ikimbie. Nilikuwa nasoma jedwali la kodi huku mji wangu mkuu unawaka moto, na moto wenyewe niliugundua nilipofunga jedwali.

Hapa mambo ni tofauti, na sababu yake ilinichukua muda kuiona. Gemu hii haikuharakishi kufikiri. Inakutaka ufikiri mapema, halafu dakika kumi baadaye inakuletea hesabu.

Chukua rasilimali. Kwenye Age of Empires, gemu nyingine ya wakati halisi, msitu unaisha, mgodi wa dhahabu unaisha, na nusu ya ustadi wako ni kuwahamisha wafanyakazi kabla hawajabaki wameduwaa kwenye shimo tupu. Hapa msitu hauishi, mlima hauishi. Ukishaweka kambi ya mbao, imekaa. Raia asiye na kazi akisimama kidogo anajitafutia mwenyewe pa kwenda. Mpwa wangu alikasirika siku ya kwanza: "Mjomba, sasa mimi nifanye nini?" Maana ule ustadi wake wote wa kuchunga wafanyakazi haukuwa na soko tena.

Cha kufanya kipo, ila kimehamia ghorofa ya juu. Mapato ya kila rasilimali yana dari, na dari hiyo inapandishwa kwa kutafiti biashara kwenye maktaba. Ukigonga dari ya mbao, hata uongeze wakataji kumi huongezi chochote. Pia kila askari wa aina moja unayemwongeza anakugharimu zaidi ya yule aliyemtangulia, kwa hiyo mchezo wa kumwaga askari wa aina moja kama siafu unakufilisi wewe mwenyewe kwanza. Mashamba ni matano tu kwa kila mji. Wamisri pekee ndio wanaoruhusiwa saba. Ukitaka chakula zaidi, jenga mji mwingine. Ukitaka mji mwingine, tafiti uraia. Ukitafiti uraia, umeahirisha jeshi, kwa sababu ni utafiti wa kijeshi ndio unaoongeza idadi ya watu unaoruhusiwa kuwa nao. Maktaba ina njia nne, jeshi, uraia, biashara na sayansi, na mwanzoni huna uwezo wa kuzipanda zote. Katika dakika tano za mwanzo nafanya maamuzi sita au saba hivi. Ni machache mno kwa mtu mwenye vidole vya mpiga kinanda. Lakini kila moja linauma.

Sasa nije kwenye mpaka, kwa sababu hapa ndipo ningekaa hata siku nzima.

Kila mji unachora mstari wa rangi yako ardhini. Hekalu linausukuma mbele, ngome inausukuma, utafiti wa uraia unausukuma, Mnara wa Eiffel ukiujenga unausukuma zaidi. Ndani ya mstari wa mwenzako yeye ndiye bwana: huwezi kujenga kwake. Gemu nyingine zingeishia hapo. Hii inaongeza jambo moja dogo kwa kulitazama, nalo ndilo linalobeba gemu nzima. Ukishatafiti kwenye mnara wako, askari wa adui wakiingia ndani ya mpaka wako wanaanza kupukutika. Hakuna anayewapiga. Ardhi yenyewe inawala, polepole, uhai unashuka kidogo kidogo kama ndoo iliyotoboka. Dawa yake ni magari ya ugavi: yakitembea na jeshi, askari walio karibu nayo hawapukutiki. Magari yenyewe ni ya polepole, hayajui kupigana, na yanatoka kwenye karakana ya silaha za kuzingira, ambayo aliyekuja mbio hana.

Fikiria maana yake. Kwenye gemu nyingi za wakati halisi, aliye mwepesi anavamia mapema na mechi imekwisha. Hapa anaweza kuvamia, lakini kila hatua anayoingia ndani inamlipisha, na anayelinda ana muda wa kuwaingiza raia mjini, mji ukarusha mishale, huku wavamizi wakipungua wenyewe. Mkakati wa himaya, yaani mpaka umekaa wapi na umetafiti nini na una ugavi au huna, umegeuzwa kuwa kitu kinachopigana vitani kwa wakati halisi. Mtu aliyezoea zamu anaposukuma mpaka wake hatua ishirini, hajapamba ramani. Ameweka silaha.

Somo hili nililipata kwa kichapo. Nilikuwa nacheza peke yangu dhidi ya Warusi wanaoendeshwa na kompyuta, na nilikuwa na wapanda farasi wengi wa kupendeza. Niliwatuma wote. Sikusoma kwamba uwezo wa kitaifa wa Warusi ni huohuo wa kupukutisha: wavamizi kwao wanaumia maradufu. Nikageuka kidogo kupanga misafara ya biashara, kwa kuwa nilijiona mshindi. Niliporudi kutazama, jeshi lilikuwa limebaki na farasi watatu, wanatembea kwa adabu kuelekea mji ambao hata haukuwa umewashambulia. Nilicheka, kisha nikasimamisha gemu, nikainuka kutembeatembea.

Naam, inasimamishwa. Ukicheza dhidi ya kompyuta unaweza kuuzuia wakati na kuendelea kutoa amri, na kasi ya mchezo unaipanga mwenyewe. Mpwa wangu anaona huo ni udanganyifu. Mimi naona ni miwani: asiyeihitaji asiivae.

Miji nayo haibomolewi kama kibanda. Unaupiga hadi uishiwe nguvu, halafu askari wa miguu ndio wanaoingia kuuchukua. Mizinga na farasi pekee havitoshi. Ukishauteka, unakaa kwanza muda fulani kabla haujawa wako kamili, na mpaka unageuka rangi. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo matangazo ya ushindi ninayoyapenda kuliko tarumbeta yoyote. Kuna pia majemadari wanaoweza kuficha jeshi kwa ajili ya shambulio la kuvizia au kulifanya litembee kwa kasi, na majasusi wanaowahonga askari wa adui. Jasusi nimemtumia mara chache, naye amenirudishia aibu mara nyingi.

Kuna mahali ambapo mpaka na mkakati wa muda mrefu vinakutana kwa namna ya kikatili: mafuta. Mafuta hayana maana yoyote hadi Enzi ya Viwanda. Unacheza enzi tano bila kuyafikiria. Kisha visima vinatokea kwenye ramani, na hapo unajua kama ile ardhi uliyoipuuza tangu mwanzo, ile pembe tupu isiyo na msitu wala mlima, ilikuwa ya kuachwa. Mechi moja niliingia Enzi ya Viwanda nikiwa wa kwanza, nikiwa na vyuo vikuu vilivyojaa wanazuoni, saba kila kimoja, na sikuwa na kisima hata kimoja ndani ya mpaka wangu. Vifaru vyangu vilibaki kuwa picha kwenye menyu. Gemu ya zamu ingekuonya au ingekupa muda wa kujirekebisha. Hapa mpwa wangu aliniletea vyake mlangoni.

Kuhusu mataifa, nitasema moja tu. Wabantu wamo, kwenye orodha ya awali ya 2003 kabisa, na uwezo wao umepewa jina la uhamaji: wanaruhusiwa mji mmoja zaidi ya wengine katika kila kiwango cha uraia. Mtu anayezungumza lugha iliyosafiri kama hii yetu hawezi kuupita uwezo huo bila kutabasamu. Ni wazo zuri la kiusanifu vilevile, maana historia ya kuenea imegeuzwa kuwa kanuni moja fupi unayoielewa kwa sekunde mbili na kuitumia kwa mechi nzima. Kumpa jina moja kila aliyetoka katika mamia ya jamii ni ufinyu, hilo halifichiki. Lakini katika gemu ambamo Wanubi nao wana nafasi yao, ya biashara, nimeshaona ufinyu mbaya zaidi kwingine. Ndilo taifa langu la kila siku. Mji wa ziada ni mpaka wa ziada, na mashamba matano ya ziada.

Wengine wamejaribu kuoanisha himaya na wakati halisi kwa njia tofauti. Total War, tangu ile ya kwanza ya mwaka 2000, imevitenganisha vyumba: himaya unaipanga kwa zamu, vita unavipigana kwa wakati halisi, na mlango kati yao unafunguka pale tu majeshi yanapokutana. Europa Universalis, ya mwaka huohuo, iliacha tarehe zitembee na kukupa kitufe cha kusimamisha, ukatawala karne kwa kusimama na kwenda. Sins of a Solar Empire ya 2008 ilipunguza mwendo wa kila kitu hadi meli zikawa kama ng'ombe wanaorudi zizini. Nazipenda zote tatu kwa nyakati zake. Lakini ni Rise of Nations peke yake, kwa maoni yangu, iliyoviweka vyote ndani ya chumba kimoja bila kuzima saa na bila kuipunguza akili.

Hata hivyo ina pahali inapochoka. Kuanzia Enzi ya Kisasa, lile wazo la maamuzi machache mazito linavunjika. Ndege zinahitaji viwanja, manowari zinahitaji macho, kuna pande tatu za vita, na ghafla tumerudi kwenye mashindano ya kubofya niliyoyakimbia. Hapo mpwa wangu anajinyoosha kwenye kiti na kutabasamu. Makombora ya nyuklia yamewekewa breki moja ya busara: kila yanaporushwa, saa ya kiama inahesabu kurudi nyuma, na ikifika sifuri wote mmeshindwa, mrushaji na mrushiwa. Inatia hofu inavyotakiwa. Ila mchezo wa kuelekea kwenye hofu hiyo ni wa haraka kupita kiasi kwa vidole vyangu, na nimejifunza kuziwekea mechi zetu kikomo cha enzi kabla ya kuanza.

Diplomasia ni nyembamba. Unatoa zawadi, unaomba amani au muungano, unatangaza vita, basi. Aliyetoka kwenye gemu za zamu atatafuta mikataba ya kina na hataiona. Nyongeza ya Thrones and Patriots ilileta seneti na aina za serikali za kuchagua, kila moja na kiongozi wake wa kutembea na jeshi, na hiyo inaongeza ladha, si kina. Sura yake, hata baada ya kung'arishwa 2014, ni ya gemu ya 2003: askari ukiwasogelea wanafanana na vinyago. Sijali. Sauti ya kengele ya kuwaingiza raia mjini bado inanishtua.

Kwa mtu anayetoka upande wangu, mlango wa kuingilia si mechi ya kawaida bali kampeni inayoitwa Conquer the World. Hapo unapewa ramani ya dunia iliyogawanywa majimbo, unasogeza majeshi kwa zamu, na kila uvamizi unachezwa kwa wakati halisi. Zamu zinakupa pumzi. Unajifunza mpaka na ugavi kwa vipande vidogo, unatumia kadi zako za msaada kwenye vita vigumu, na baada ya wiki mbili unashangaa kwamba huisimamishi tena saa kila nusu dakika. Thrones and Patriots iliongeza kampeni nne, ikiwemo ya Aleksanda, ya Napoleon na ya Vita Baridi. Hiyo ya Vita Baridi ndiyo pekee iliyowahi kunifanya nikalala saa tisa usiku nikiwa na kazi asubuhi.

Kampuni yenyewe haikudumu katika sura ile. Ilinunuliwa na THQ mwaka 2008, ikahamia mikononi mwa 38 Studios mwaka uliofuata, na 38 Studios ikafilisika 2012. Jina la Big Huge Games lilifufuka baadaye na likatoa DomiNations ya simu mwaka 2015, ambayo ukiitazama kwa makini utaona enzi na mataifa yaleyale kwa mbali, kama sura ya babu kwenye uso wa mjukuu. Lakini Rise of Nations ya pili haijawahi kuja, na ndiyo maana bado nacheza ya zamani.

Juzi tulicheza tena, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Kikomo tuliweka Enzi ya Baruti. Mimi Wabantu, yeye Wamongolia, farasi juu ya farasi. Alikuja mapema, kama nilivyotarajia. Nilikuwa na mnara mmoja, utafiti mmoja wa kupukutisha, na ngome niliyoijenga karibu na njia yake ya kuja badala ya karibu na mji wangu, kwa hiyo mpaka ulimkuta mbali sana kabla hajaona paa la nyumba yoyote. Niliwaingiza raia mjini, nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikatazama uhai wa farasi wake ukishuka. Aliwarudisha wachache. Wakati anaunda wengine, mimi nilikuwa nimeshaweka mji wangu wa ziada kwenye bonde ambalo yeye alilihitaji kwa mji wake wa tatu, na mfanyabiashara wangu alikuwa amekaa juu ya chumvi iliyokuwa pale.

Kwenye spika ukimya ukawa mrefu. Kisha akauliza, "Mjomba, umefanya nini hapo, mbona sijasikia hata ukibofya?"

Nikamwambia nilibofya, dakika kumi zilizopita. Akasema turudie, safari hii yeye achukue Warusi.